Tupeane uzoefu: wahitimu wapya wanaotunukiwa kwa kazi na kujitolea, nani huwaandikia?

Ndugu zangu, salaam. Vyuo vikuu vingi siku hizi vina tuzo kwa ajili ya wahitimu wa karibuni. Kanuni hutofautiana: kwingine ni waliohitimu ndani ya miaka 10 iliyopita, kwingine ni walio chini ya umri wa miaka 35 au 40. Kinachotazamwa karibu kila mahali ni mambo mawili, mtu amefika wapi katika kazi yake, na watu wengine wamenufaika vipi naye. Jumuiya ya wahitimu hutangaza, watu hupendekeza majina, kamati husoma, na anayechaguliwa hukabidhiwa ngao au cheti mbele za watu.

Hapo kwenye kupendekeza ndipo ninapotaka tupazungumzie. Kamati haimjui kijana, inajua karatasi iliyoletwa mezani. Asiye na mtu wa kumwandikia hayumo, hata awe anafanya makubwa kiasi gani. Naamini kabisa kwamba wengi wetu tunafanya kazi na vijana wanaostahili kutajwa na hatujawahi kushika kalamu kwa ajili yao. Waliopata, waliokosa, waliopendekeza, waliokaa kwenye kamati, karibuni mseme ilikuwaje.

Naanza mimi. Niliyempendekeza ni mtaalamu wa tiba ya viungo, wakati huo bado mgeni kazini. Anahudumia watoto wanaozaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani. Kwa wasioijua kazi hiyo: mguu wa mtoto hunyooshwa taratibu kwa mkono, hufungwa plasta, na kila wiki plasta hubadilishwa huku mguu ukisogezwa kidogo zaidi. Baada ya wiki kadhaa unyayo hukaa sawa, na watoto wengi hufanyiwa upasuaji mdogo wa kano ya kisigino ili kisigino kishuke. Ukiutazama mguu huo utasema umepona. Bado. Mtoto anatakiwa avae viatu maalumu vilivyounganishwa kwa ufito, saa 23 kwa siku kwa takriban miezi 3 ya mwanzo, kisha wakati wa kulala tu mpaka afike miaka 4 au 5. Wazazi wengi huchokea njiani. Mtoto analia usiku, viatu vinawekwa kando, na mguu unarudi kupinda.

Binti huyu alikuwa na daftari lenye ukurasa kwa kila mtoto: tarehe ya plasta ya mwisho, namba ya kiatu, lini mguu utakuwa umekua kiasi cha kuhitaji kiatu kingine, na nani humlaza mtoto usiku, maana mara nyingi si mama, ni bibi au dada. Jioni, akishatoka kazini, aliwapigia simu hao wanaolaza. Siku za mapumziko aliwakutanisha wazazi wapya na wale ambao watoto wao wameshaanza kukimbia. Hakuna aliyemtuma wala kumlipa.

Kwenye barua sikuandika kwamba ana moyo wa huruma. Nilieleza lile daftari, na nikaeleza kwa nini alipiga simu jioni: jioni ndipo kiatu kinapovaliwa au kinapoachwa. Alipata tuzo. Mjumbe mmoja aliniambia baadaye kwamba maelezo hayo ndiyo yaliyowafanya wamkumbuke mtu huyu kati ya majina mengi yenye sifa zinazofanana.

Haya, karibuni.

Mhandisi wa maji

Mimi nilitunukiwa. Kazi yangu ni visima, na kilichonifanya nitajwe ni mafunzo ya bure kwa mafundi wa pampu za mkono. Pampu nyingi husimama wakati maji bado yamo kisimani. Mpira wa ndani umelika au nondo imekatika, kipuri hakipo, na aliyefundishwa kukibadilisha hayupo. Kwa hiyo tulikuwa tunafundisha watu wa palepale kuifungua pampu, kutambua tatizo na kuirudisha.

Ni kazi ya kundi, lakini cheti kilikuja na jina moja. Nilipopewa nafasi ya kusema neno niliwataja wenzangu wote, ila kilichochapishwa ni jina langu na picha yangu. Mmoja wao alikaa muda mrefu bila kuniongelesha, na sikumlaumu. Siku hizi nikiombwa maelezo yangu kwa ajili ya tuzo yoyote, kitu cha kwanza ninachoandika ni majina ya kundi na nani alifanya nini. Wanaopendekeza wafanye hivyo hivyo. Kazi ya jamii ni nadra sana kufanywa na mtu mmoja, na tuzo inayosahau hilo inaweza kuvunja kundi lililokuwa linafanya kazi vizuri.

Msanidi programu

Nilipendekezwa, sikupata, wala sikuarifiwa. Nilijua baada ya kuona picha za waliopata. Lakini mwalimu wangu wa zamani aliyeniandikia alinipa nakala ya barua yake, na hiyo barua imenifaa kuliko ambavyo ngao ingenifaa. Kwa ruhusa yake niliitumia kuombea ufadhili wa shahada ya pili nikafanikiwa. Wapendekezaji, wapeni vijana nakala.

Aliyekaa kwenye kamati

Nimesoma maombi haya kwa miaka kadhaa, nitasema yale ninayoweza kuyasema bila kumtaja mtu.

Kwanza, barua nyingi hazifai. Zimejaa maneno kama "mchapakazi", "mwadilifu", "kielelezo kwa vijana", na ukimaliza kuisoma hujui mtu huyu anafanya nini siku ya Jumatatu. Barua ya aina hiyo mjumbe hana pa kuipa alama. Tuambieni hali ilikuwaje kabla hajafika, alifanya nini, kimebadilika nini, na nani mwingine anaweza kuthibitisha. Barua ya pili itoke nje ya ofisi yake, kwa mtu aliyehudumiwa au aliyefanya naye kazi ya kujitolea. Bosi anajua kazi ya ofisini, haijui Jumamosi yake.

Pili, kuna tabia ya kamati kumwongezea aliye nacho. Mwanasosholojia wa Marekani Robert Merton aliieleza mwaka 1968 akiwatazama wanasayansi: sifa humwendea yule ambaye tayari ana jina, hata kazi ikiwa ni ileile, na akaipa jina kutokana na ule mstari wa Injili ya Mathayo wa mwenye nacho kuongezewa. Nimeiona kwa macho yangu. Kijana aliyeshapata tuzo mahali pengine anaingia akiwa mbele, kwa sababu tuzo ya kwanza imekuwa ushahidi wa tuzo ya pili. Ndiyo maana nilikuwa naomba tusome sehemu ya kazi kwanza na orodha ya tuzo mwisho. Haikukubaliwa kila mara.

Tatu, na hili ndilo lililonitesa zaidi, ni lile swali la kujitolea. Fomu huuliza mtu amejitolea wapi. Mwenye muda na nauli ana majibu mengi. Lakini kuna mhitimu ambaye tangu apate ajira ya kwanza ndiye anayelipia wadogo zake shule na kumuuguza mzazi. Jioni zake zimekwisha. Tulibishana sana kama hiyo inahesabika kuwa huduma kwa jamii. Wengine walisema hiyo ni familia, kila mtu ana familia. Msimamo wangu ulikuwa, na bado uko, kwamba kamati iruhusu maelezo hayo yaandikwe na yasomwe. Tusimweke chini ya mtu aliyepanda miti siku moja akapigwa picha.

Na kwa kweli picha zinatudanganya. Kuna maombi yalikuja na picha nyingi za kukabidhi misaada, na hakuna mstari hata mmoja kutoka kwa waliokabidhiwa.

Daktari kijana

Neno langu ni fupi. Tangu nitunukiwe, naitwa kila panapohitajika mzungumzaji: wanafunzi wapya, wafadhili, mikutano. Naenda kwa moyo mmoja, ila nauli yangu, likizo yangu, na zamu naziba mwenyewe. Anayetoa tuzo aangalie asije akamchosha mtu katika kazi ileile aliyomtunukia. Ukimpa ngao, mpe na kitu cha kuendeleza kazi: vifaa, mtu wa kumshauri, au hata siku za ruhusa zilizoombwa rasmi kwa mwajiri wake.

Mwalimu wa hisabati

Nataka kugusia umri. Katika fani yetu kuna Nishani ya Fields, iliyoanza kutolewa mwaka 1936 na sasa hutolewa kila baada ya miaka 4. Ni ya wanahisabati walio chini ya miaka 40, kwa sababu ilikusudiwa pia kumtia moyo mtu aendelee. Andrew Wiles alipokamilisha uthibitisho wa nadharia ya mwisho ya Fermat, iliyowashinda watu kwa zaidi ya miaka 300, umri ulikuwa umempita. Mwaka 1998 Umoja wa Kimataifa wa Hisabati ulimpa bamba la fedha la heshima badala yake.

Wiles alikuwa na jina tayari. Wasiwasi wangu ni kwa wanafunzi wangu wa zamani waliosoma chuo wakiwa watu wazima, wakina mama waliokatiza masomo wakarudi, waliofanya kazi kwanza ndipo wakapata ada. Mtu anahitimu ana miaka 38, na tuzo ya "wahitimu wa karibuni" inamwambia yeye si kijana. Kigezo kiwe mwaka wa kuhitimu. Sioni sababu yoyote ya kutumia mwaka wa kuzaliwa.

Mstaafu

Vijana wangu, nawasoma kwa furaha, lakini niruhusuni kuuliza. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mtu ana miaka mitano tu kazini, hajajaribiwa na cheo wala fedha. Kwa nini msisubiri mpaka muone mwisho wake? Nimewahi kumshuhudia kijana aliyepambwa mapema akaanza kutafuta majukwaa kuliko kazi.

Mwanzilishi wa mada

Shikamoo mzee wangu, na asante kwa kuuliza waziwazi. Hatari unayoisema ipo, na daktari hapo juu ameonyesha jinsi tuzo inavyoweza kumtoa mtu kwenye kazi yake hata bila kiburi.

Lakini tazama upande wa kusubiri. Wangari Maathai alipata shahada ya kwanza Marekani mwaka 1964, na ya uzamivu Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971. Kampeni ya upandaji miti iliyokuja kuwa Green Belt Movement aliianza mwaka 1977. Nobel ya Amani ilimfikia mwaka 2004, miaka 27 baadaye. Tu Youyou wa China alihitimu famasia mwaka 1955. Utafiti wake ulioleta dawa ya malaria ya artemisinin ni wa miaka ya 1970, na Nobel yake ilitoka mwaka 2015. Hao walistahimili. Wapo wasiostahimili, na hao hatuwajui majina kwa sababu waliacha. Mtu yuko kwenye mkataba wa muda, mshahara mdogo, ndugu wanamuuliza anapata faida gani kwa hizo Jumamosi. Hapo ndipo maandishi ya watu wanaomheshimu yanapomfaa.

Ninachokubaliana nawe ni hiki: sifa iende kwenye kitendo. Ukimwambia kijana kwamba yeye ni wa pekee, umempa kichwa. Ukimwambia kwamba utaratibu alioubuni umewasaidia watu hawa kwa namna hii, umemwonyesha cha kuendelea kufanya.

Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye kitendo tumekutana. Yuko kijana mmoja, mkutubi, aliyehitimu si zamani, anayewasomea wasioona kila wiki na kuwarekodia vitabu vya masomo. Nikikuelewa, ninaweza kumwandikia hata kama mimi si bosi wake?

Mwanzilishi wa mada

Unaweza kabisa, na barua yako huenda ikawa na uzito kuliko ya bosi, kwa sababu huna maslahi. Fuata hatua hizi. Muulize yeye kwanza, usimshtukize: kuna watu hawataki kutangazwa, na wengine wana sababu zao. Uliza kanuni za chuo alichohitimu, hasa kama wanahesabu umri au mwaka wa kuhitimu, tarehe ya mwisho, na kama mtu asiye mhitimu wa chuo hicho anaruhusiwa kupendekeza. Mwombe wasifu wake wa kazi ili usikosee tarehe na vyeo. Kisha kaa naye siku moja anaporekodi, uone anachagua vipi vitabu, anafanyaje akifika kwenye jedwali au mchoro ambao hausomeki kwa sauti. Mambo kama hayo yaandike jinsi ulivyoyaona.

Barua ya pili iombe kwa mmoja wa wanaosikiliza. Anaweza kuitoa kwa maneno ya mdomo wewe ukaandika, mradi umsomee yote kabla hajaridhia jina lake liwekwe. Taarifa zozote za binafsi za wasikilizaji wengine ziache nje. Urefu ukurasa mmoja, mmoja na nusu ukizidi sana.

Ukimaliza rasimu, mzee wangu, iweke hapa bila jina lake wala la chuo. Aliyekaa kwenye kamati nadhani hatakataa kuipitia, na mimi nitaipitia pia.

Aliyekaa kwenye kamati

Sitakataa. Ila mzee, anza na yule msikilizaji, aya ya kwanza kabisa. Historia ya shule aliyosoma mkutubi iende chini.