Ushauri: Watibeti wa uhamishoni wasikike vipi kwenye vikao vya Geneva?

Mbeba Mkoba:
Wakuu, habari za jioni. Nasoma hapa Uswisi na majirani zangu ni Watibeti, wazee wao walipokelewa huku miaka ya 60. Vijana wao wameniomba niwasaidie Kifaransa na barua, wanataka hoja zao zifike Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa. Mpaka sasa wanasimama pale uwanjani penye kile kiti kikubwa kilichovunjika mguu, bendera mkononi, wanapaza sauti, wajumbe wanapita. Beji ya kuingilia hawana. Wana andiko la kurasa 30 linaloanzia majeshi ya China yalipoingia Tibet mwaka 1950. Mliowahi kufanya kazi za mikutano hii, tuanzie wapi?

Kalamu ya Kukodi:
Hilo andiko liwekeni kabatini kwanza. Januari 2024 China ilipofanyiwa mapitio ya haki za binadamu, nchi zilizotaka kusema zilikuwa nyingi mno, kila moja ikapewa sekunde 45. Mjumbe wa sekunde 45 anataka sentensi moja aichukue kama ilivyo. "Acheni kuwalazimisha watoto wa Kitibeti kwenda shule za bweni" inaingia. Mwaka 1950 hauingii.

Halafu msimpelekee siku ya kikao. Siku hiyo hotuba yake imeshapitishwa na wizara kwao, haongezi hata nukta. Nendeni wiki kadhaa kabla, ubalozini na huko wizarani. Kahawa ya pale ndani ni ya kukumbushana tu.

Mtoro wa Vikao:
Kuhusu beji: chama hupata beji kikiwa na hadhi ya ushauri, yaani kibali cha Umoja wa Mataifa cha kushiriki vikao, na hadhi hiyo inapitia kamati ya nchi 19 kule New York, na China imekaa humo muda mrefu. Chama chenye jina la Tibet kitaulizwa maswali mpaka wajukuu wazeeke. Ndiyo maana wengi huingia kwa mgongo wa mashirika yenye hadhi tayari. Tafuteni moja, mwombe nafasi ya kusema.

Ila mlango mzuri zaidi ni kamati za mikataba, yaani wataalamu wanaokagua kama nchi inatimiza mkataba wa haki za binadamu iliouridhia. Kule taarifa ya maandishi inapokelewa hata kama chama hakina hadhi hiyo. China iliridhia mkataba wa haki za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni mwaka 2001, kwa hiyo inawajibika kujibu. Februari 2023 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitamka wazi kuhusu watoto wa Kitibeti wapatao milioni moja waliotenganishwa na familia zao kwa mfumo wa mabweni. Mwezi uliofuata kamati ya mkataba huo ikaitaka China iufute mfumo huo wa kulazimisha. Mkataba wa haki za kiraia na kisiasa waachieni, China iliusaini 1998 na haijauridhia mpaka leo.

Reli ya Uhuru:
Samahani, mimi sielewi. Mchina ndiye aliyetujengea TAZARA wakati wakubwa wengine wametukatalia. Mwaka 1971 Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kumrudishia kiti chake Umoja wa Mataifa. Leo tuwafundishe watu namna ya kumsema?

Kalamu ya Kukodi:
Reli, umewasaidia kuliko unavyodhani. Hicho ulichosema ndicho watakachojibiwa na mabalozi wengi wa Afrika, kwa adabu zaidi. Mbeba Mkoba, kwa nchi zetu msiombe walaani. Hawatalaani. Ombeni kitu ambacho balozi anaweza kukisema bila kugombana na mtu: Gedhun Choekyi Nyima, aliyetambuliwa na Dalai Lama kuwa Panchen Lama, kiongozi wa dini anayemfuatia yeye kwa heshima, alichukuliwa na China 1995 akiwa na miaka sita. Mtaalamu huru aruhusiwe kumwona, basi. Na msidhani Afrika ni moja: mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya Afrika Kusini iliamua kwamba serikali yao ilivunja sheria ilipomcheleweshea Dalai Lama viza.

Shangazi wa Mabango:
Mnawadharau sana wanaosimama nje. Vienna 1993, Dalai Lama alizuiwa kuhutubia ndani ya jengo la mkutano wa haki za binadamu, akahutubia kwenye hema la Amnesty nje, na habari ikawa hema. Mwaka 1995 kwenye jukwaa la wanawake Huairou, karibu na Beijing, wanawake wa Kitibeti kutoka uhamishoni walijifunga skafu mdomoni wakasimama kimya. Kelele zingezimwa, ile skafu wapiga picha wakaigombania. Nje panafaa ukiwa umefungiwa mlango na dunia inaona umefungiwa. Kila wiki bendera ileile, nani ataangalia?

Mbeba Mkoba:
Nimewaelewa. Sasa kuna dada mmoja anaongea vizuri kuliko wote, lakini mama yake mdogo bado yuko Lhasa, mji mkuu wa Tibet. Asimame yeye?

Mtoro wa Vikao:
Aamue mwenyewe, baada ya kuambiwa ukweli: kwenye vikao hivi kuna watu wanaokuja kupiga picha waliohudhuria. Akikubali, asitaje ndugu wala kijiji. Akikataa, aandike yeye na asome mwingine ambaye hana mtu kule. Akitishwa, au ndugu yake akiitwa kuhojiwa, andikeni tarehe na kilichosemwa mpeleke ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, maana Katibu Mkuu hutoa ripoti kila mwaka kuhusu wanaolipiziwa kisasi kwa kushirikiana na Umoja wa Mataifa. Jina lisiingizwe humo bila ridhaa yake.