Kuhama jukwaa kwa sababu za kimaadili bila kupoteza wasomaji: nianzie wapi?

Kalamu_Huru

Habari zenu wakuu.

Naandika jarida la barua pepe. Baadhi ya wasomaji wanalipia, na jarida lina podikasti yake. Vyote viko kwenye jukwaa moja linalokata asilimia kwenye kila malipo. Jukwaa hilo linawaruhusu waeneza chuki za kibaguzi kuuza majarida yao palepale, kwa hiyo kila msomaji anayenilipa anachangia kuwawekea hao jukwaa. Uamuzi wa kuhama nimeshaufanya, naomba tusirudi huko. Ninachotaka kujua:

Wanaolipia wanahamaje bila kuombwa waingize kadi upya? Linki za zamani zinakufa? Podikasti iliyoko kwenye programu za kusikilizia inafuataje? Na je, nitangaze sababu au niondoke kimya?

Bweta

Mkuu, kabla ya yote: usitangaze na usifute chochote kwanza. Pakua orodha ya wasomaji na posti zote leo hii, uhifadhi nakala mahali pawili. Ukishatangaza, watu wataanza kujiondoa na kuuliza maswali huku mfumo mpya haujasimama.

Suala la kadi linategemea akaunti ya malipo ni ya nani. Jukwaa la majarida la Substack, kwa mfano, linatumia akaunti ya Stripe (kampuni inayochakata malipo ya kadi) iliyo yako mwenyewe. Kadi za wasomaji ziko Stripe. Ukiunganisha akaunti hiyohiyo na mfumo mpya kama Ghost (programu ya kuchapisha majarida), malipo yanaendelea na msomaji hashtuki. Platformer, jarida la Casey Newton, lilitoka Substack kwenda Ghost Januari 2024, baada ya mjadala kuhusu Substack kuruhusu majarida ya Kinazi. Patreon, jukwaa la kuchangia wabunifu, ni tofauti: jukwaa lenyewe ndilo linalomtoza mchangiaji. Unapewa faili la CSV (jedwali la maandishi) lenye majina na barua pepe, basi. Kadi hazitoki, kila mtu ajisajili upya, na wapo utakaowapoteza hapo.

Sasa jambo linalowaponyoka wengi. Ile 10% ambayo Substack inakata imefungwa ndani ya kila usajili kule Stripe, na kuhama peke yake hakuifungui. Ukishaunganisha mfumo mpya, ingia kwenye dashibodi ya Stripe, fungua malipo ya karibuni, soma mchanganuo wake: kiasi kilicholipwa, ada ya Stripe, na ada ya jukwaa. Hiyo ya tatu ikiwa bado ipo, omba iondolewe kwenye usajili wote. Vinginevyo utakuwa umeondoka kwa ajili ya dhamiri huku kila mwezi ukiendelea kuwalipa uliowakimbia.

Kwenye CSV, tenganisha wa bure, wa kila mwezi, wa kila mwaka na waliopewa zawadi. Wa zawadi hawana malipo yanayoendelea Stripe, kwa hiyo tarehe zao za mwisho uziingize kwa mkono. Waliojiondoa zamani usiwaingize kabisa. Ukiwatumia barua, watabonyeza "spamu", na adhabu itakuangukia wewe.

fundi_seva

Naongezea kwenye linki na barua pepe.

Kama jarida lina domeni yako (jina la tovuti unalolimiliki), una bahati. Substack huweka posti kwenye anwani ya mtindo wa /p/jina-la-posti, wakati Ghost kwa kawaida huziweka /jina-la-posti/ bila ile p. Usipofanya kitu, kila linki iliyowahi kusambazwa itafungua ukurasa wa kosa. Dawa ni kanuni moja ya 301 (agizo la kudumu la kuelekeza anwani ya zamani kwenye mpya), inayotoa `^/p/(.*)$` na kuipeleka `/$1`. Ipakie kabla ya kugeuza DNS (rekodi zinazoelekeza domeni kwenye seva), isiwe baada, kisha jaribu linki kadhaa za zamani kwa mkono.

Kama ulikuwa unatumia anwani ndogo chini ya jina la jukwaa, hapo huna uwezo wa kuelekeza chochote. Acha posti zenye wasomaji wengi pale zilipo, punguza maandishi yabaki aya moja na linki ya kwako mpya. Akaunti iache wazi. Ukiifuta, linki zote za zamani zinakufa papo hapo.

Kagua na picha. Posti ulizopakua mara nyingi bado zinavuta picha kutoka seva ya zamani. Zinaonekana vizuri kabisa leo, mpaka siku ile seva inapozikataa. Bonyeza kulia kwenye picha, fungua kwenye dirisha jipya, soma anwani. Ikiwa bado ni ya jukwaa la zamani, picha haijahama.

Upande wa barua pepe, domeni mpya haina sifa yoyote mbele ya Gmail. Weka SPF, DKIM na DMARC (rekodi za domeni zinazothibitisha kuwa barua imetoka kwako kweli) kabla ya kutuma barua ya kwanza. Tangu Februari 2024 Gmail inadai zote tatu kwa anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwa watumiaji wake, pamoja na kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko ya spamu yasifike 0.3%. Hata ukiwa na orodha ndogo, fuata. DMARC anza na p=none (barua zisizozuiwa) ili uone ripoti kwanza. Toleo la kwanza watumie wale wanaofungua barua zako kila mara, wengine wafuate kwa mafungu.

Mawimbi

Podikasti ni rahisi kama mwenyeji wa zamani (huduma inayohifadhi vipindi vyako) ana ungwana. Unahitaji vitu viwili: 301 kutoka mlisho wa zamani (faili la RSS ambalo programu husoma kupata vipindi) kwenda mpya, na tagi ya `itunes:new-feed-url` ndani ya mlisho mpya. Apple wanataka uviache kwa angalau wiki 4. Mimi ningeviacha muda wote ambao mwenyeji wa zamani anakubali, maana kuna programu ndogondogo zinazosoma mlisho kwa nadra.

Kinachoharibu ni GUID, yaani kitambulisho cha kila kipindi ndani ya mlisho. Mfumo mpya ukizalisha vipya, programu zitadhani vipindi vyote ni vipya na kumshushia msikilizaji kila kitu upya. Fungua milisho yote miwili kwenye kivinjari, linganisha GUID za vipindi viwili vitatu. Herufi moja ikipishana, simamisha zoezi.

Mwenyeji akikataa kuweka 301, badilisha anwani ya mlisho wewe mwenyewe ndani ya Apple Podcasts Connect na Spotify. Wa programu nyingine watabaki nyuma, kwa hiyo toa kipindi kifupi cha tangazo kwenye mlisho wa zamani. Milisho ya faragha ya wanaolipia usitegemee ihame: kila mmoja atumiwe linki mpya.

Mizani

Kuhusu kutangaza. Kwanza andika kwa sentensi moja unachokipinga, kwa sababu ndicho kitakachokuonyesha kama unakokwenda kuna nafuu. Mwanamuziki Neil Young aliondoa muziki wake Spotify Januari 2022 kwa sababu ya upotoshaji kuhusu chanjo kwenye podikasti moja. Machi 2024 alirudi: podikasti hiyo ilikuwa imeanza kupatikana hata kwenye huduma nyingine, na hakutaka kuzikimbia zote. Linganisha na bendi ya King Gizzard & the Lizard Wizard walioondoka Spotify 2025 kwa sababu ya pesa ambazo Daniel Ek, mwanzilishi wa Spotify, aliwekeza Helsing, kampuni ya teknolojia ya kijeshi. Pingamizi lao ni la mwekezaji mmoja, kwa hiyo kuhamia huduma nyingine kunalijibu.

Kwako pia. Msimbo wa Ghost ni wa wazi, hata hao waeneza chuki wanaweza kuusimika kwenye seva yao. Ukipinga hilo, hutapata pa kwenda. Ukipinga asilimia ya pesa na jukwaa kuwapendekeza kwa wasomaji, hapo kuna tofauti ya kweli: Ghost inaendeshwa na taasisi isiyo ya faida, na hailipwi asilimia ya usajili wako, unalipia huduma tu. Bei yake ni kwamba mapendekezo yaliyokuletea wasomaji wapya yanakatika.

Tangaza, ila baada ya kuhama. Aya ya kwanza iwe ya msomaji: "Huna unachotakiwa kufanya, malipo yako yanaendelea." Sababu zije aya ya pili, na unukuu sera ya jukwaa kama ilivyoandikwa, bila kubuni nia za mtu.

Kalamu_Huru

Nashukuruni sana wakuu. Moja limebaki: waliolipia ndani ya programu ya iPhone?

Bweta

Hao kadi zao ziko Apple, hazihami. Waandikie peke yao: wafute usajili kwenye mipangilio ya simu yao, maana wewe huwezi kuwafutia. Kule kwako wape bure mpaka tarehe waliyokwisha kulipia, halafu wajisajili upya. Usipowaambia wafute, watatozwa mara mbili na watakulaumu wewe.