Mjadala: Aliyehesabiwa haki lakini bado anaanguka, je, haki ile alikuwa nayo?

Mwana wa Agano:
Bwana asifiwe, wapendwa. Nimesikia mahubiri yaliyoniumiza. Mhubiri amesema ukimwona muumini bado anapambana na hasira au ulevi ule ule wa zamani, jua hakuwahi kuhesabiwa haki. Nasema hapo amechanganya mambo mawili. Kuhesabiwa haki ni hukumu: Mungu anamtangaza mwenye dhambi kuwa hana hatia kwa ajili ya Kristo, na hukumu hiyo haina nusu wala robo. Utakaso ni kazi ya Roho ndani ya mtu huyo huyo, nayo huenda hatua kwa hatua mpaka kufa. Someni Warumi 4:5, Mungu humhesabia haki mtu asiye haki. Hakusema aliyekwisha kunyooka! Nani anaona tofauti na mimi?

Chuma Hunoa Chuma:
Maneno matamu hayo. Yakobo 2:24 mmeificha wapi? Mtu huhesabiwa haki kwa matendo, si kwa imani peke yake. Ndiyo maana Martin Luther, yule mwanamageuzi wa kanisa mnayemfuata, alikitoa kitabu cha Yakobo kwenye Biblia, maana kilimkaba koo. Ninyi wa "imani tu" mnaishi mtakavyo, halafu kwenye kuimba sauti zenu ndizo za juu kuliko za wote.

Dada wa Bethania:
"Mnaishi mtakavyo"? Ndugu, unamjua nani hapa? Nilimuuguza mama yangu mpaka mwisho. Mwanamke wa maombi, hana ugomvi na mtu. Siku moja namgeuza kitandani, akanishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, hivi nimetakasika vya kutosha?" Maisha yote alifundishwa kujikagua, na sasa hana nguvu hata ya kukaa. Ningemjibu nini, nimhesabie matendo yake? Nilimsomea Warumi 8:1, sasa hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu. Akaniambia rudia. Nikarudia. Kwa hiyo usije hapa kuniambia fundisho hili ni kichaka cha watu wazembe.

Msomi wa Nyaraka:
Chuma, Luther hakukitoa Yakobo. Katika Agano Jipya lake la 1522 alikipeleka mwishoni pamoja na Waebrania, Yuda na Ufunuo, na katika dibaji akauita waraka wa mabua, yaani usio na uzito. Maneno hayo ya mabua aliyaondoa katika matoleo ya baadaye. Kitabu chenyewe kimebaki ndani siku zote.

Na kuhusu 2:24, fuateni maisha ya Abrahamu. Paulo anasimama kwenye Mwanzo 15, Abrahamu ameamini ahadi na hana mtoto. Yakobo anakwenda mpaka Mwanzo 22, Isaka yuko juu ya madhabahu. Katikati Ishmaeli amezaliwa na kukua. Paulo anauliza mtu anapokelewaje na Mungu. Yakobo anauliza imani iliyo hai inaonekanaje. Haya ni maswali mawili.

Chuma Hunoa Chuma:
Hata kama hakukitoa, kukisukuma nyuma na kukitukana ni nini kama si kukikataa? Yeye ni nani wa kupanga Neno la Mungu kwa madaraja?

Rozari na Neno:
Asante Chuma, ingawa mimi ni Mkatoliki na sijui kama utafurahi kuniona upande wako. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wetu, mwaka 1547 ulifundisha kwamba kuhesabiwa haki si ondoleo la dhambi tu, bali pia ni kutakaswa na kufanywa upya utu wa ndani. Mungu akisema "wewe ni mwenye haki", neno lake linaumba. Haachi uchafu chini ya joho safi. Ila msianze vita upya. Mwaka 1999 Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja kule Augsburg, wakakubaliana kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, na si kwa stahili yetu. Wamethodisti wakaliunga mkono 2006.

Chuma Hunoa Chuma:
Upande wangu hapana! Mimi nafuata Biblia, sifuati mitaguso.

Mtoto wa Mchungaji:
Nimesoma yote na nimekaa kimya mpaka nimeshindwa. Dada wa Bethania, pole kwa mama. Sasa sikia ya kwangu. Baba yangu alihubiri kuhesabiwa haki vizuri kuliko yeyote aliyeandika hapa. Na alimpiga mama. Nikiwa kijana nilimkabili, akanijibu kwa utulivu kabisa, "Damu ilishanihesabia haki, wewe ni nani wa kunihukumu?" Maneno yale yale yaliyomtuliza mama yako ndiyo yaliyomfunga mdomo mama yangu. Mnanitaka nitenganishe utakaso na haki? Waebrania 12:14 inasema bila utakatifu hakuna atakayemwona Bwana.

Mwana wa Agano:
Ndugu yangu, hakuna aliyesema vitengane. Nimesema visichanganywe. Calvin mwenyewe, mwanamageuzi mwingine kama Luther, alifundisha kwamba Kristo hamhesabii haki mtu ambaye hamtakasi pia. Baba yako alilishika neno moja, akalikimbia la pili. Warumi 6 inamjibu mtu wa namna hiyo: tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Hasha!

Mtoto wa Mchungaji:
Hasha ya Paulo haikumfikia mama jikoni.

Dada wa Bethania:
Na mimi nisingemsomea baba yako Warumi 8:1. Kwake ningefungua 1 Wakorintho 5, pale Paulo anaagiza mtu anayeendelea na uovu bila haya aondolewe kati yao. Kisha kuna 2 Wakorintho 2:7, aliyekwisha kuadhibiwa asamehewe na kufarijiwa, asije akamezwa na huzuni. Ni mtume yule yule na kanisa lile lile. Wazee waliomzunguka baba yako walikuwa na sura zote mbili mkononi, wakachagua kumfariji aliyestahili kuzuiwa. Kosa ni la wazee hao, mdogo wangu, na nina hasira nao kama wewe.

Chuma Hunoa Chuma:
Mmekwenda Korintho mmeniacha. Yakobo 2:24, nani anaijibu?

Msomi wa Nyaraka:
Nilishaijibu. Mwanzo 15 na Mwanzo 22. Zisome zote mbili, halafu rudi tuzungumze.