Nimeuziwa jiko la seramiki lenye ufa wa zamani kwa bei ya jipya, na sasa naambiwa nimelimwagia maji

Habari zenu wanajamvi. Jambo hili nimelivumilia kwa wiki tatu nikitarajia kwamba lingekwisha kwa simu, kama watu wazima wanavyomaliza mambo yao, lakini tangu Jumatatu muuzaji hapokei simu zangu, na ujumbe ninaomtumia anausoma na kukaa kimya. Jina la duka silitaji kwa leo. Ninachotaka ni fedha yangu au jiko zima.

Mwezi Februari nilinunua Arusha, maeneo ya Njiro, jiko kubwa la mkaa la seramiki, lile lenye umbo la yai ambalo asili yake ni majiko ya udongo ya Japani na ambalo Wamarekani wamelifanya kuwa jiko la kuchomea nyama uani. Nina nyumba ndogo ya wageni hapa Moshi, upande wa Rau, na wanaoshuka mlimani hufika na njaa isiyosubiri. Uzuri wa jiko hili ni kwamba ukishafunga kifuniko na kubana matundu ya hewa ya chini na ya juu, moto hukaa palepale kwa saa nyingi kwa mkaa kidogo, kiasi kwamba paja la mbuzi uliloliweka saa nne asubuhi unalikuta saa tisa linaachia mfupa lenyewe. Nililipa shilingi 1,850,000. Niliambiwa kwamba ni jipya na kwamba lina dhamana ya maisha kwa sehemu zote za seramiki, na maneno hayo ninayo kwenye simu kama alivyoyaandika yeye mwenyewe. Risiti niliyopewa ni ya mkono, na hapo nakiri uzembe wangu, kwa sababu mfanyabiashara anayekwepa kutoa risiti ya mashine kwa bidhaa ya bei hiyo alipaswa kunitia shaka palepale.

Mwishoni mwa Mei, mvua za masika zilipopungua, niliona moshi ukitokea ubavuni, karibu na bawaba, mahali ambapo hapana tundu lolote. Niliuacha moto ufe wenyewe, na kesho yake nikaligonga jiko kwa kifundo cha kidole kuzunguka mwili wote. Seramiki nzima hulia. Pale ubavuni ilitoa sauti butu, kama mtungi uliopasuka. Ufa unaanzia mdomoni na kushuka hadi unapotea chini ya mkanda wa chuma.

Kama ungekuwa ufa wa chungu cha ndani kinachobeba mkaa, nisingefungua uzi huu, kwa kuwa chungu hicho hupasuka mara nyingi, hushikiliwa na mwili wa nje, na jiko huendelea kupika bila shida. Huu uko kwenye mwili wenyewe. Hewa inaingia pasipotakiwa, kwa hiyo hata ukibana matundu yote moto hauzimiki wala hautulii, na juu ya mahali hapohapo penye ufa ndipo bawaba inapobeba kifuniko ambacho mimi siwezi kukinyanyua peke yangu.

Jibu la kwanza la muuzaji lilikuwa kwamba nimelimwagia maji likiwa na moto. Ni kweli kwamba seramiki haivumilii maji na moto kwa pamoja, na ni kweli pia kwamba ikilowana kwa mvua kisha ukaiwashia moto mkali ghafla, maji yaliyojificha ndani hugeuka mvuke na kuipasua. Ndiyo maana jiko langu linakaa barazani, chini ya paa na turubai, na ndiyo maana baada ya masika nilianza na mkaa wa kiganja kimoja kwa muda wa saa mbili nzima. Nilipomweleza hayo akabadili maneno, akasema limevunjwa na matuta ya barabarani kati ya Usa River na Boma Ng'ombe. Kirikuu iliyolileta ilikuwa yake, dereva alikuwa wake, na tangu siku hiyo jiko lilikuwa limepika miezi mitatu. Jibu la tatu lilikuwa kwamba dhamana ni ya kiwanda, basi niwaandikie wao.

Niliwaandikia. Walijibu kwa adabu ndani ya siku mbili kwamba dhamana ni ya mnunuzi wa kwanza aliyenunua kwa wakala wao na kujiandikisha, na kwamba namba ya jiko langu iliandikishwa miaka mingi iliyopita, katika nchi nyingine, kwa jina la mtu mwingine.

Ndipo nikachukua spana na kuulegeza mkanda. Chini yake nilikuta ufa uleule ukiendelea kwa urefu wa kiganja, umezibwa kwa lipu nyeupe na kupakwa rangi ya kijani inayokaribia kufanana na ya jiko. Nilipokwangua lipu kwa ncha ya kisu, kuta za ufa zilikuwa nyeusi kwa masizi. Masizi yalikuwa chini ya lipu, si juu yake. Ufa mpya huwa na rangi ya udongo safi ndani; huu ulikuwa umevutishwa moshi kwa muda mrefu kabla mtu hajaamua kuuficha, na lipu hiyo sikuipaka mimi. Picha zote ninazo.

Baada ya kumtumia picha hizo alinipa ofa moja tu: atamleta fundi azibe kwa sementi. Sementi ya kawaida haivumilii moto wa kiasi hicho. Hupoteza maji yake, hugeuka unga na kudondoka, labda juu ya sahani ya mgeni. Hata ile sementi maalumu ya tanuri ni ya kuziba tu, haiwezi kurudisha nguvu ya kubeba kifuniko.

Kuuza mtumba si kosa, na angeniambia ni mtumba wenye ufa huenda tungeelewana bei. Lakini Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka kitu kilingane na maelezo kilichouzwa nayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Nimempa hadi Ijumaa ijayo arudishe fedha zote na kulifuata jiko lake kwa gharama zake. Ijumaa ikipita, malalamiko yenye picha na ujumbe wake yanakwenda Tume ya Ushindani.

Aliyenunua jiko la aina hii Arusha mwaka huu naomba alegeze mkanda wake, amulike kwa tochi na kuweka picha hapa. Afanye hivyo jiko likiwa limepoa kabisa, na mtu wa pili akiwa amekishika kifuniko, kwa sababu mkanda huo ndio unaoshikilia bawaba.