Wakuu, huyu mtu kaishika RAM kwa VIDOLE VIWILI mbele ya watu!!!

Wakuu, salama? Mimi si salama. Naandika nimekaa sakafuni nyuma ya raki (lile kabati la chuma la kupangia seva, kompyuta kubwa za ofisi), mikono inatetemeka, na wala si kiyoyozi, ingawa humu ndani ukitema mate yanafika chini yakiwa barafu.

Nimedhalilishwa. Aliyenidhalilisha mnamjua, simtaji. Yule yule. Mwenye funguo shingoni utadhani kakabidhiwa lango la pepo. Anayeingia chumba cha seva anakohoa kwanza ndipo anasalimia, na siku nyingine anaishia kwenye kukohoa. Najua kila ofisi anaye wake, lakini naapa huyu wetu ndiye aliyewazaa hao wenu.

Kisa chenyewe. Nimeambiwa niongeze RAM, vile vijibao vya kumbukumbu ya kompyuta, kwenye seva ya 2U (yaani kimo chake ni nafasi mbili za raki). Vipande 12, kila kimoja GB 32. Nikafanya kazi kwa adabu zote: nimeizima, nimechomoa nyaya za umeme zote mbili (ZOTE MBILI, maana kuna watu wanachomoa mmoja wanajiona wamemaliza), nimeivuta kwenye reli, nimevaa mkanda wa kuzuia umeme tuli wa mwilini usiunguze vifaa, nimefungua kifuniko, nimenyanyua lile plastiki la kuelekeza upepo. Nikazipanga kwenye sloti (nafasi za kuchomekea RAM) zenye vishikio vyeupe, 6 huku, 6 kule. Kila moja nimeikandamiza ncha zote mbili mpaka vishikio vikajifunga vyenyewe, ta! ta! Zimesimama kama askari siku ya gwaride. Nikazitazama nikatabasamu. Mimi, ambaye kazini sijatabasamu tangu niajiriwe.

Nikawasha. Skrini nyeusi tii. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwa wasiojua, seva ikiwekewa RAM nyingi mpya, siku ya kwanza huzipima zote kabla ya kukuonyesha chochote, na wakati huo feni zinalia kama ndege inayotaka kupaa. Unavumilia tu. Mwisho ikaja. Ikasema ina GB 192.

Haya, nusu. Mambo hutokea. Nikawa natafakari taratibu.

Hapo ndipo akaingia. Na hakuja peke yake! Kaja na bosi, na wageni watatu, na yule dada wa manunuzi ambaye mpaka jana alikuwa ananiheshimu. Akakohoa. Akaitazama skrini. Hakuniuliza kitu. Akaamuru izimwe, ikachomolewa umeme, akachomoa RAM moja, akaishika kwa VIDOLE VIWILI. Gumba na shahada. Kama mtu anayetoa panya aliyekufia mtungini. Akaipandisha juu ya kichwa chake, watu wote waione, akasema: "Nani alimruhusu huyu aguse?"

HUYU. Nina jina jamani. Limeandikwa kwenye kitambulisho, kitambulisho kipo kifuani, kifua kilikuwa mbele yake.

Vidole viwili! Bosi kacheka. Mgeni mmoja kaandika kitu kwenye daftari. Kaandika nini? Halafu akairudisha mahali pake, bado kwa vidole viwili, akajifuta mikono kwenye suruali. AKAJIFUTA. Hivi RAM mpya ina uchafu gani?

Semeni wenyewe, hii ni haki?

Kimya Kingi: Ngoja waje wajuzi.

Bibi Seva: Pole mwanangu. Huyo wa funguo hata kwetu yupo. Wa kwetu anakohoa kwenye simu pia.

Fundi Usiku: Mleta mada, swali dogo. Hiyo seva ina prosesa (ule ubongo wa kompyuta) ngapi?

Mleta Mada: Hilo silo suala mkuu. Suala ni vidole viwili.

Fundi Usiku: Nimekuelewa. Prosesa ngapi?

Mleta Mada: Sehemu za prosesa zipo mbili.

Fundi Usiku: Sijauliza sehemu.

Kimya Kingi: Nimevuta kiti mbele.

Mtu wa Reli: 😂😂😂 Jamani msimuue kijana wa watu.

Mleta Mada: Sawa. Prosesa ipo moja. Upande wa pili kuna kifuniko cha plastiki, nikadhani ni bati la kupozea la kisasa. Lakini hata kama! Ndio uinue RAM ya watu kama panya?

Fundi Usiku: Kila prosesa ina sloti zake. Prosesa haipo, sloti zake ni mapambo tu. Umeweka RAM 6 kwenye nyumba isiyo na mwenyewe halafu unashangaa hakuna anayeitikia hodi. Zihamishie upande wenye prosesa, kwenye zile sloti 6 za vishikio vyeusi zilizobaki wazi. Utapata GB 384 yako. Na ramani ya sloti huwa imebandikwa ndani ya kifuniko. Kile kile ulichokilaza sakafuni.

Mleta Mada: Nilikilaza uso chini ili kisichubuke.

Fundi Usiku: Yaani ramani ilikuwa inaisomea sakafu.

Bibi Seva: Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ila kujifuta kwenye suruali ni dharau, hapo nakuunga mkono.

Mkato wa Dhahabu: Mimi nitasema kitu mtanichukia. RAM inashikwa kwa VIDOLE VIWILI. Unashika kingo zake, hugusi pini wala zile chipu. Huyo mzee kaishika sawasawa. Mleta mada ulitaka aikumbatie?

Kimya Kingi: Uzi umeisha hapa.

Mleta Mada: HAUJAISHA! Hamkuwepo! Kuna kushika kingo kitaalamu na kuna kushika kwa dharau. Kile kidole kidogo alikuwa amekinyanyua! Kimesimama pembeni! Na mkanda wa umeme tuli hakuvaa, mimi nilivaa. Hilo mbona hamlisemi?

Mkato wa Dhahabu: Hapo kwenye mkanda kakosea, nakupa moja. Kwa vidole bado uko sifuri.

Mtu wa Reli: Nyie mnalilia vidole, mje muone ya kwetu. Wa kwetu kavuta seva mbili kwa mpigo kwenye raki moja, zote nzito, eti aongeze RAM kwa pamoja aokoe muda. Raki haikufungwa miguu ya kuzuia isianguke. Ikaanza kurukuu taratibu, wallahi kama ina udhu. Tukaishika watu wanne mpaka alipozisukuma ndani moja moja. Unajua alisema nini? "Sakafu yenu haijanyooka."

Waya Mweusi: Hiyo afadhali. Wetu alileta RAM ya DDR3, kizazi cha zamani, kwa seva ya DDR4. Pini 240 kwenye sloti ya pini 288, lile pengo la katikati halikutani hata kwa dua. Anasema "inabana kwa sababu bado mpya." Akaegemeza kiwiko. KIWIKO. Sloti ile mpaka leo imebandikwa karatasi ya gundi yenye maandishi: usiguse, mgonjwa.

Bibi Seva: Kiwiko na vidole viwili, bora vidole viwili.

Mleta Mada: Bibi, tulikuwa pamoja sasa hivi.

Nusu Usingizi: Na wale wanaosahau kurudisha plastiki la upepo? Mwenzangu aliliacha mezani, akafunga kifuniko, akaondoka zake. Feni zikapanda mwisho wa kasi siku mbili mfululizo. Akasema kiyoyozi kimeharibika, wakaja mafundi wa kiyoyozi, wakafungua dari nzima. Plastiki lipo mezani, watu wanawekea kalamu.

Waya Mweusi: 😂 Siku mbili!

Mtu wa Reli: Sasa mimi nina swali kwa wajuzi. Nikichanganya RAM za kasi ya 2666 na za 3200 kwenye seva moja inakuwaje?

Mkato wa Dhahabu: Zikikubaliana, zote zinakimbia kwa mwendo wa iliyo polepole. Msafara wa mbuzi unaenda na kilema.

Waya Mweusi: Si kweli, kwangu zilikaa vizuri tu.

Mkato wa Dhahabu: Kukaa vizuri na kukimbia ni vitu viwili. Angalia kwenye BIOS (ile programu ya kuiamsha kompyuta) imeandika ngapi.

Waya Mweusi: Nimeangalia.

Mkato wa Dhahabu: Ngapi?

Waya Mweusi: 2666. Lakini zimekaa vizuri.

Fundi Usiku: Kubwa kuliko kasi, msichanganye RDIMM na LRDIMM, zile aina mbili za RAM za seva. Hapo haina hata majadiliano, seva inakataa kuwaka. Na msilete ile RAM ya kompyuta ya mezani isiyo na ECC (uwezo wa kusahihisha makosa) mkasema "si zote DDR4?"

Nusu Usingizi: Mkuu, hiyo "si zote DDR4" ni mimi niliisema mwezi uliopita. Umenifuata mpaka huku?

Mleta Mada: Wakuu taarifa. Nimezihamisha zile 6. Seva imesoma GB 384. Sasa turudi kwenye mada: bosi alicheka, mgeni akaandika, na yule dada wa manunuzi leo kanipita kwenye korido anaangalia ukuta. Na huyu bwana ndiyo kwanza kapita hapa, kaona 384, hakusema hata "vizuri". Kakohoa.

Mtu wa Reli: Hongera mkuu. Waya Mweusi, ile sloti ya kiwiko ilishatengenezwa?

Waya Mweusi: Bado. Aliyeivunja ndiye anayesaini maombi ya vipuri, na kuomba itabidi aandike sababu.

Mleta Mada: Kwa hiyo vidole viwili ndiyo basi tena?

Mgeni Mpya: Habari wakuu, naomba msaada, samahani kama si mahali pake. Laptopu yangu ni nzito sana, ina GB 4. Hizi RAM za seva mnazozitaja za GB 32, nikipata moja itakubali?

Fundi Usiku: Haitaingia kabisa. RAM ya laptopu ni fupi, karibu nusu ya hiyo.

Mgeni Mpya: Nikiikata?