Bwawa la reli la enzi za mvuke, Ukambani: tufukue au tuhifadhi kwanza?

MwanaTuta
Wadau, kuna bwawa la udongo kando ya reli ya zamani, kati ya Konza na Makindu, lililojengwa ili injini za mvuke zipate maji. Tuta lina urefu wa mita 90 hivi na limeota migunga. Chini yake linatokeza bomba nene la chuma lenye valvu iliyoganda kwa kutu, na tangi la kituoni lingali juu ya nguzo zake. Kamati ya maji inataka tingatinga kabla ya mvua za Oktoba, lizoe tope na kung'oa miti. Wengine wanataka liwe urithi. Kipi kitangulie, na kipi kisiguswe?

Fundi_Udongo
Tingatinga lisipande tutani. Mgunga uking'olewa kwa nguvu huacha shimo, na mizizi inayobaki ikioza maji hupata njia. Miti yenye shina chini ya sm 10 ikateni usawa wa ardhi. Mikubwa itolewe mmoja mmoja maji yakiwa yamekauka, mizizi yote ichimbuliwe, kisha shimo lijazwe mfinyanzi wenye unyevu kwa matabaka ya sm 15, kila tabaka likishindiliwa.

Kufukua anzeni mahali maji yanapoingilia, mkae angalau mita 10 kutoka mguu wa tuta. Sepetu ikigonga mfinyanzi mgumu unaonata, wenye rangi tofauti na tope, simameni. Mkiutoboa, mtabaki na chujio. Tope nalo lisitupwe upande wa juu, mvua ya kwanza italirudisha.

Halafu pimeni mkondo wa kumwaga maji ya ziada. Kutoka kizingiti chake hadi sehemu ya chini kabisa ya mgongo wa tuta pawe na mita 1 au zaidi. Mpira mwangavu wa bomba uliojazwa maji unatosha kupimia usawa. Kuna watu huziba kizingiti kwa magunia ya mchanga ili bwawa lijae zaidi. Maji yakija hupanda juu ya tuta na kulikata. Solai, kule Nakuru, 2018, tuliona bwawa la udongo likipasuka linafanya nini.

Mirija59
Valvu msiifungue, wala msiigonge nyundo. Bomba limepita ndani ya tuta: fimbo ya kuzungushia valvu ikikatika valvu ikiwa nusu wazi, hamtaifunga tena. Maji yakidondoka hapo, pimeni kwa ndoo ya lita 20 na saa, kila wiki, mwandike. Yakiwa maangavu, endeleeni kupima. Yakija na tope, tuta linaliwa kwa ndani: punguzeni maji kwa pampu siku hiyo hiyo na wanaoishi chini yake wahame.

Kwa nini reli ilijenga bwawa na si kisima? Chumvi ya visimani. Maji ya chumvi huvisha mirija ya bwela (tangi la injini la kuchemshia maji) utando na kutoa povu, maji yakaingia kwenye silinda. Jina la stesheni ya Maji ya Chumvi, kwenye reli hii ya Mombasa, linajieleza. Garratt za daraja la 59, injini kubwa za mvuke zilizofika 1955 na 1956, zilibeba galoni 8,600 kila moja, karibu lita 39,000. Tuseme injini kumi kwa siku, kila moja ikiongeza lita 30,000: mita za ujazo 300. Jua la huku hunywa karibu mita 2 za kina kwa mwaka; kwa bwawa la hekta 2 hizo ni mita za ujazo 40,000, maji ya injini hizo kwa miezi minne na zaidi! Kwa hiyo ongezeni kina, si upana.

Faili_la_Urithi
Kama ni ardhi ya reli, pateni kibali cha maandishi cha Shirika la Reli, na kazi ya bwawa ipitie Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Uzee peke yake haulilindi: chini ya sheria ya makavazi na urithi ya 2006, Waziri ndiye hutangaza. Andaeni faili sasa: picha zenye rula, na mchoro kutoka bwawani hadi tangini. Alama za kiwanda kwenye valvu zipakeni chaki ndipo mpige picha, msizikwangue. Vyuma virekodiwe kabla wauza skrapu hawajavifikia.

MwanaTuta
Tingatinga limesimama. Mpira umeonyesha sm 60 tu, pale ng'ombe wanapopita kwenda kunywa.

Fundi_Udongo
Basi hapo ndipo pa kuanzia. Ondoeni nyasi, kwarueni udongo wa zamani ushikane na mpya, pandisheni sm 45 kwa matabaka yale yale, maana udongo mpya hushuka. Birika la ng'ombe lijengwe nje ya tuta. Faili linaweza kusubiri Novemba, tuta haliwezi.