Naomba ushauri: tudai vipi hesabu ya moshi wa majeshi?

Wakuu, kundi la amani na la mazingira tunaandaa dai moja: serikali itangaze hewa ukaa ya jeshi lake. Kikwazo ni kanuni zenyewe. Mkataba wa Paris wa 2015 kuhusu tabianchi haukuyalazimisha majeshi kuripoti kivyake. Kwenye ripoti za Umoja wa Mataifa mafuta ya jeshi hukaa kifungu 1.A.5, ila baadhi ya nchi huandika "IE", yaani yamejumlishwa kwingine, na hapo ufuatiliaji hufa.

Njia tuliyo nayo ni kutafuta lita kwenye bajeti kisha kuzidisha: dizeli takribani kilo 2.7 za kaboni dioksidi kwa lita, mafuta ya ndege kilo 2.5. Utengenezaji wa silaha na ujenzi mpya baada ya vita havimo, kwa hiyo jibu huwa dogo kuliko hali halisi.

Bajeti ikitaja fedha tu bila lita, tugawe kwa bei ya zabuni au ya soko? Na tuanzie wizara ya mazingira au kamati ya bunge ya ulinzi? Wanajeshi, kama mjuavyo, hujibu "siri ya taifa" kabla swali halijaisha.